Siku Club Mamba Ilipooa Muguu wa Kushoto

Mwaka ule serikali ilikuwa imekwisha kubadilisha jina la inchi, jina la mto mukubwa, majina ya watu, na 'bwana' ikawa 'Citoyen', mwananchi, na mashati ya wanaume. Kilibaki kitu kimoja tu cha wakoloni, na Citoyen Sumaili alikiona mbele ya wengine wote: kontra ya mupira.

Basi jumatatu moja, saa tatu ya asubuhi, mbele ya watu kumi na saba na mbuzi mumoja aliyekuwa anapita njia, Citoyen Sumaili, Prezida wa Club Mamba ya Kindu, alipanda juu ya kasha la bia, akakohoa kikohozi cha serikali, akatangaza:

"Tangu leo, Club Mamba haiandikishi tena wachezaji. Inaoa!"

Watu wakapiga makofi. Hawakuelewa, lakini miaka ile makofi hayakuwa yanangoja kuelewa. Mbuzi peke yake hakupiga, na sekretere akaandika kwenye ripoti: "Wote walikubali, isipokuwa mumoja."

"Kontra," Prezida akaendelea, "ni karatasi ya Mubelgiji. Muntu anatia sahihi leo, kesho anadai franga. Hiyo njo desturi gani? Wahenga wetu walikuwa na kontra? Walikuwa na mahari! Na mahari, ndugu zangu," hapa akashusha sauti, "mahari hailipwi siku moja."

Sasa, wenye roho mbaya walisema Prezida alifanya vile juu sanduku la club lilikuwa tupu. Uongo. Sanduku lilijaa risiti. Mulikuwa risiti ya kiti cha Prezida, kile kikubwa cha kitambaa cha veluru nyekundu kilichokuja na treni toka Lubumbashi. Mulikuwa risiti ya mwavuli wa kufunika kile kiti. Mulikuwa risiti ya muntu wa kushika ule mwavuli. Na risiti ya abakosti sita za komite, yale makoti ya serikali yasiyo na tai, kwani club isiyokuwa na komite ya kuvaa vizuri ni watu kumi na mumoja wanakimbia tu.

Siku chache kabla ya ile jumatatu, katikati ya mipango hii mizuri, mushambuliaji wa Mamba, Bulaimu, fundi wa velo, yaani baiskeli, karibu na gare ya treni, aliandika barua. Alisema timu ya wachimbaji wa Kalima inamuahidi kitanda cha chuma, redio na mushahara wa kila mwezi. Lakini yeye anapenda kubaki Kindu, akipata tu viatu na kitu kidogo cha mwisho wa mwezi. Prezida alisoma barua ile mara mbili. Mara ya kwanza aliona ni barua. Mara ya pili aliona ni uasi.

Na hakuwa na nafasi ya kukasirika vizuri. Kulibaki wiki sita mbele ya fainali ya Kikombe cha Maniema, na fainali njo Mamba na hao hao Kalima. Inspekta wa Michezo angekuja mwenyewe toka Bukavu kuangalia. Alikuwa amemwambia Sumaili pembeni: "Shinda hiki kikombe, nitakuita Bukavu kwenye biro yangu." Bukavu! Nyumba yenye maji ndani ya ukuta! Sumaili alikuwa amekwisha kuchagua ukuta gani atatundika picha yake. Bulaimu akienda Kalima, kikombe kinaenda Kalima, na Sumaili anabaki Kindu na ndoo yake.

Dawa aliipata mezani, mbele ya ugali. Bibi yake Aziza alimuuliza, bila kuinua macho:

"Na huko Bukavu, baba yangu atajua njia ya kuja kudai mbuzi wake?"

Juu Sumaili alimuoa Aziza kwa ahadi ya mbuzi watatu. Alipeleka mumoja. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita, Aziza alikuwa bado anapika, na hakuna askari aliyekuja. Sumaili akaacha tonge hewani. Miaka kumi na moja kwa mbuzi mumoja! Ni club gani ya Ulaya iko na kontra ya namna hii?

*

Sekretere wa club alikuwa Félicien. Kwenye karatasi hakuwa tena Félicien, juu majina ya namna ile yalikatazwa. Alikuwa Citoyen Ngongo. Lakini njiani watu waliendelea kumuita Félicien kwa sauti ya chini, kama muntu anayeuliza bei ya pombe mbele ya musikiti. Asubuhi alifanya kazi kwenye biro ya kuandikisha ndoa, kwa hiyo fomu hazikumusumbua. Alikuja nazo mbili, moja ya kuharibu.

"Citoyen Prezida, hapa wanauliza jina la bibi arusi."

"Andika Bulaimu."

"Bulaimu iko mwanaume, Citoyen Prezida. Biro itatupa hii karatasi."

Prezida akafikiri. Alipokuwa anafikiri alikuwa anafunga kifungo cha juu cha abakosti.

"Mwaka huu alifunga magoli mangapi?"

"Kumi na tisa."

"Alifunga na nini?"

Félicien akafungua buku la club. "Kumi na nane na muguu wa kushoto. Moja na sikio."

"Na muguu wa kulia?"

"Wa kulia haujafunga hata moja. Unasaidia kusimama tu."

"Bon! Juu ya nini club ilipe muguu wa kusimama? Hata mulingoti wa bendera unasimama, na hatuulipi. Andika: bibi arusi, Muguu wa Kushoto."

Félicien akaandika. "Kazi yake?"

"Mupira."

"Aliolewa mbele ya leo?"

"Mwaka jana aliumia kifundo kule Kibombo, lakini hiyo haihesabiwi."

"Bwana arusi njo Club Mamba, mwakilishi wake Prezida. Sasa baba ya bwana arusi?"

"Club haina baba."

"Citoyen Prezida," Félicien akasema pole pole, "katika hii inchi kila kitu iko na baba."

Ilikuwa kweli, inchi yenyewe ilikuwa na Baba yake, na kidogo hatari kuikataa. Prezida akaona palepale: baba ya club awe Inspekta wa Bukavu mwenyewe. Karatasi yenye sahihi ya Inspekta, nani atathubutu kuiuliza swali? Wakaitia ndani ya bahasha ya Bukavu, katikati ya ombi la chokaa ya kuchora kiwanja na ripoti juu ya majani.

Inspekta alikuwa ametumika miaka tisa bila kusoma karatasi hata moja. Hakuwa muvivu. Alikuwa anasema, kusoma ni kuonyesha mashaka kwa wale wa chini. Makarani walimfunulia pembe ya karatasi, akaweka sahihi, macho yake yakabaki dirishani. Wiki moja baadaye, karatasi ilirudi Kindu na sahihi moja na kashe tatu, yaani mihuri, moja kichwa chini.

*

Prezida na Félicien wakavuka mto Lualaba na pirogi mpaka Alunguli, kwa jamaa ya Bulaimu. Baba yake alikuwa amekufa zamani. Msemaji wa jamaa alikuwa mujomba Kasimu. Huyu Kasimu alikuwa amesemea ndoa arobaini upande ule wa mto, na hakuna hata moja iliyorudi kumucheka. Aliwakaribisha, akawapa maji, akasikiliza habari ya muguu mpaka mwisho. Hakutabasamu. Wenye kumujua wangeanza kuogopa hapo.

"Munaoa muguu," akasema.

"Wa kushoto," Prezida akasema.

"Eeh. Na wa kulia?"

"Ubaki kwenu. Hatuna kazi nayo."

"Félicien, mwanangu, andika hiyo."

Félicien akaandika: Muguu wa kulia unabaki kwao. Hatuna kazi nayo.

"Na miye?" akauliza Bulaimu, aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti.

"Nyamaza," wakajibu wote wawili, "wakubwa wanaongea."

Kasimu akanyoosha kikwembe chake magotini. "Mbuzi kumi."

"Kumi! Juu ya muguu mumoja?"

"Mukwe, weye unaona muguu. Siye tunaona malezi. Huu muguu ulikula mihogo ya mama yake miaka ishirini na mbili. Ulikanyaga misumari mitatu. Nani aliing'oa? Komite?"

Sumaili akakumbuka kwamba hatalipa. Moyo wake ukawa mwepesi, na ukarimu ukamushika kama homa.

"Kumi ni aibu. Andika kumi na mbili!"

Kasimu akamuangalia. Katika ndoa arobaini hakuwa ameona upande wa mwanaume unapandisha bei.

"Mabati ishirini," akasema, kama muntu anayejaribu barafu kwa ulimi.

"Thelathini! Mamba si masikini."

"Mufuko wa chumvi."

"Miwili, na sukari!"

"Na vinakuja lini, mukwe?"

"Kidogo kidogo," akasema Prezida, akatoa mbuzi mumoja wa kuanza. Alikuwa yule yule asiyepiga makofi. Mwenye mbuzi hajajulikana mpaka leo.

"Na viatu?" Bulaimu akauliza.

Prezida alikuwa amefikiri hata hiyo. Akatoa ndani ya gazeti kiatu kimoja kipya, cha kushoto.

Kasimu akapokea kamba ya mbuzi. "Siye hatuna haraka. Mahari ni kama huu mto, nani aliumaliza kunywa? Tunaomba tu neno moja dogo mwisho wa karatasi: 'Mengine yote kufuata desturi.'"

Desturi! Lile lilikuwa neno la Prezida mwenyewe, alilolitangaza juu ya kasha la bia, na halikuwa na bei.

"Andika kwa herufi kubwa!" akasema.

Katika pirogi ya kurudi alikuwa anaimba. Félicien hakuimba. Yeye alikuwa anaandika ndoa kila asubuhi, na alijua mahali zinapoumia.

*

Wiki ya kwanza desturi ilikuwa tamu. Muguu wa kushoto ulifunga mbili. Muguu wa kulia ulikimbia pembeni na kiatu cha zamani kilichofungwa na kamba, mpaka siku mama yake Bulaimu, mama Mwanvua, alipouza kapo mbili za mpunga akamununulia kiatu cha kulia. Prezida alipoona hicho kiatu alisifu: jamaa inasaidia club bila kuombwa! Akaagiza iandikwe kwenye ripoti.

Wiki ya pili wajomba watatu walikuja kwa Sumaili na mikeka yao.

"Tumekuja kuangalia binti yetu anakaa namna gani," wakasema.

"Binti gani?"

"Muguu."

Wakakaa siku tisa. Bulaimu alikuwa analala kwake, karibu na gare, lakini wajomba walisema ndoa njo ndoa, muguu ukilala nje ni shauri ya bwana yake. Walikula samaki wote wa Aziza.

"Watu wanaleta bibi wa pili anayeweza kuteka maji," Aziza akasema. "Weye umeniletea muguu, na huo muguu iko na ndugu kuliko miye."

Wiki ya tatu, soko ya Kindu, Félicien alimuvuta Prezida mukono wa abakosti. "Citoyen Prezida! Mama mukwe!"

Kweli, mama Mwanvua alikuwa anakuja na kapo kichwani. Na desturi ya pale haina njia ya mukato: mukwe hamuangalii mama mukwe usoni, hasemi naye, hapiti naye njia moja. Anajificha. Mama yake Aziza alikuwa anakaa Lubutu, mbali sana, Mungu anisamehe, kwa hiyo Sumaili hakuwa na mazoezi. Upande mumoja ulikuwa ukuta, upande mwengine mufereji. Prezida wa Club Mamba akaruka ndani ya mufereji.

"Eh, Prezida!" akaita muuza dagaa. "Umeangusha likuta ya feza?"

"Ninakagua!" sauti ikatoka chini.

Ripoti ya mwezi ule inasema: "Prezida alikagua mufereji. Unafanya kazi."

Haya yote angeyameza. Kila alipoamka na matope kwenye viatu alifikiri maji ndani ya ukuta. Wiki moja tu ilikuwa imebaki. Kalima ilikuwa inatetemeka. Inspekta alikuwa amekwisha kuandikia wakubwa wake ripoti ya ushindi wa Mamba, ili asichelewe.

Jumamosi ile kulikuwa mazoezi ya animasyo kiwanjani: ngoma, nyimbo za Chama, akina mama wanacheza mistari. Mama Mwanvua alivuka mto kuja kumuona mutoto wake. Magoti yalikuwa yanamuuma. Akaona kiti chekundu chini ya mwavuli, hakuna muntu, akafikiri ni ya wagonjwa. Akakaa.

Prezida aliingia kwa nyuma, mikrofoni mukononi. Aliona kiti chake. Juu ya kiti aliona kitambaa cha njano.

"Weye mama wa kitambaa ya njano! Ile kiti si ya watu wa mpunga! Toka!"

Mama akageuka. Macho yakakutana na macho.

Hata ngoma ya animasyo ilinyamaza, na ile ngoma haikuwa na ruhusa ya kunyamaza. Mama Mwanvua akasimama, akapanguza kiti na pembe ya kikwembe chake ili asiache vumbi, akashika njia ya mto. Nyuma yake akatoka Bulaimu.

"Unaenda wapi?" Prezida akaita, bado ndani ya mikrofoni.

"Miye ningebaki, Citoyen Prezida," akajibu Bulaimu. "Lakini muguu wa kushoto unarudi kwao."

*

Jumatatu Prezida alituma amri Alunguli. Jumanne alituma onyo. Jumatano alituma onyo la mwisho, na alhamisi onyo la mwisho kabisa. Kasimu aliyarudisha yote bila kuyafungua, akasema muguu haujui kusoma.

Ijumaa Sumaili akavuka mwenyewe. Bulaimu alikuwa amekaa uani, anatengeneza mnyororo wa velo. Muguu wa kushoto ulikuwa umefunikwa kikwembe, kama binti aliyerudi kwao na haya. Mama alikuwa ndani, mulango nusu.

"Mukwe," akasema Kasimu, "ulimuangalia. Ulisema naye. Ulisema naye na mikrofoni."

"Sikumujua! Kwa nyuma watu wote wanafanana!"

"Njo maana desturi inakataza hata kuangalia. Bon. Hatukuombi mbuzi, tunajua mbuzi wako wanatembea pole. Mama iko na shamba la mpunga, linaiva, ndege wanalimaliza. Bwana arusi atakuja kulinda ndege siku moja, toka jua likitoka mpaka likizama. Ukiwa pale, muguu unavuka kwenda kucheza. Usipokuwa, muguu unakaa."

"Siku gani?"

"Jumapili."

"Jumapili njo fainali!"

"Mukwe, ndege hawana jumapili."

Sumaili akahesabu haraka: kukosa kuangalia mechi, lakini kushinda. Ukuta wa Bukavu ulikuwa bado umesimama. "Nakubali."

"Pamoja na baba yako," akasema Kasimu.

"Baba yangu alikufa."

"Baba ya bwana arusi. Desturi ni watu wawili, mutoto na baba aliyemulea vibaya. Félicien, mwanangu, soma pale chini, jina la baba ni nani?"

Félicien alisoma kwa sauti. Alisoma na kashe zote tatu, hata ile ya kichwa chini.

*

Inspekta alishuka na ndege ya Bukavu jumamosi mangaribi. Walimuonyesha karatasi. Ilikuwa karatasi yake ya kwanza ndani ya miaka tisa, na ilimuchosha.

"Hii sahihi si yangu," akasema.

"Basi mwizi iko na kashe zenu tatu, Citoyen Inspekta," akasema Félicien kwa heshima. "Lazima tutume telegramu kwa wakubwa."

Inspekta akawaza ile telegramu. Akawaza na ripoti ya ushindi aliyokwisha kuituma. Mukubwa anaweza kukataa mutoto wake, lakini kukataa kashe hawezi.

"Tutakaa mpaka saa nane," akasema. "Nyuma tutatoka pole pole, tutakuja kiwanjani. Nani atatuona? Ndege?"

Kwa hiyo jumapili, jua likitoka, wakubwa wawili wa michezo, abakosti zimefungwa mpaka shingoni, walipanda juu ya dungu, kile kitanda cha miti katikati ya mpunga, kila mumoja na mukebe wake wenye mawe. Sumaili hakuvunjika moyo. Hata dungu ni jukwaa.

Ndege wakaja kama wingu.

"Ndugu zangu!" akaanza Sumaili. Ndege wakatua.

"Si vile," akasema Inspekta. "Lazima mwito wa Chama. Kutumikia?"

"Ndiyo!" Sumaili akajibu, anapiga mukebe.

"Kujitumikia?"

"Hapana!"

Ndege hawakuwa wamepata hii siyasa. Wakajitumikia upande wa mashariki, halafu upande wa magharibi. Mpaka saa sita sauti za wakubwa zilikuwa zimekauka, na abakosti zilikuwa zimelowa jasho hata ungeweza kuzikamua upate chumvi ya mahari.

Saa nane wakashuka kimya kimya. Kulikuwa njia moja tu ya kutoka, na katikati ya njia, mama Mwanvua alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholala, mugongo kwao, anapepeta.

"Mwambie atupishe," Inspekta akanong'ona.

"Siwezi kusema naye! Sema weye."

"Miye njo baba mukwe! Desturi inasema nini juu ya baba mukwe?"

"Sijui. Nilisema tu tuifuate."

"Tupite pembeni."

"Pembeni ni kumupita usoni."

Kasimu njo angeweza kusema naye kwa ajili yao, lakini Kasimu hakuwako. Alikuwa amevuka na muguu asubuhi. Wakasimama pale dakika kumi, mikebe mikononi. Mara mama akageuza kichwa kidogo, kidogo tu, na wakubwa wawili wakaruka kurudi ndani ya mpunga kama sungura.

Saa kenda na nusu, toka ng'ambo ya mto, mulio ukapanda: goli! Sumaili akashika mukono wa Inspekta. Goli la nani? Lualaba haisemi. Nyuma kidogo, mulio wa pili. Nyuma tena, wa tatu. Wakubwa walikuwa wanahesabu, wanaomba Mungu, wanapiga mikebe.

Jua lilipokuwa linazama, watu wakaja na nyimbo toka upande wa mto. Mbele alikuwa Bulaimu. Nyuma yake Félicien na kikombe. Nyuma ya Félicien, wajomba watatu walikuwa wamebeba kiti chekundu, na juu ya kiti, chini ya mwavuli, mujomba Kasimu.

"Tatu kwa sifuri!" Félicien akaita.

Sumaili akashuka toka dungu akalia. Maji yalikuwa yanatoka ndani ya ukuta, aliyasikia. "Leta kikombe," akasema, "leta kikombe chetu!"

Félicien hakumupa. Akafungua karatasi.

"Citoyen Prezida, kuna neno moja. Kalima walijua habari ya ndoa, Maniema yote inajua. Wakaweka watu watatu kulinda muguu wa kushoto. Wa kulia hakuna aliyeulinda."

"Bon! Na kisha?"

"Kisha wa kulia ulifunga yote tatu."

Sumaili akaangalia muguu mumoja wa Bulaimu, halafu mwengine. Ndege peke yao walikuwa wanaongea.

"'Muguu wa kulia unabaki kwao,'" Félicien akasoma. "'Hatuna kazi nayo.' Iko na sahihi yenu, na ya baba."

Kasimu akapokea kikombe, akakipeleka kwa mama Mwanvua. Mama akakigeuza, akapima uzito wake, akachota mpunga nacho. Kilikuwa kipimo kizuri. Mpaka leo ng'ambo ile wanauza mpunga kwa kikombe cha Maniema, na hakuna anayelalamika.

"Huu wa kulia," akasema Sumaili na kipande cha sauti kilichobaki, "mahari yake njo ngapi?"

"Ni binti mudogo, hana haraka," akasema Kasimu toka juu ya veluru. "Tangulia kumaliza ya dada yake. Mbuzi kumi na mumoja wamebaki, na mabati, weye mwenyewe ulipandisha. Na mukwe, kabla sijasahau. Kuna muzee mumoja alishuka leo na kamyo ya Lubutu. Alisikia Club Mamba inalipa mahari. Anasema iko baba ya Aziza, anakungoja kwako."

Inspekta alikuwa anafungua mudomo kutoa amri, lakini mama Mwanvua alikuwa amesimama kule kwenye njia, mugongo bado kwao. Akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia vizuri sana:

"Kasimu, waambie wakwe, jua halijazama lote, na kule mwisho wa shamba ndege wanatua."

Wakubwa waliinama, wakangoja. Kusikia toka kwake hawakuweza, desturi ilikataza.

"Wakwe," akasema Kasimu, "jua halijazama lote, na kule mwisho wa shamba ndege wanatua."

Prezida na Inspekta wakaokota mikebe, wakakimbia.